Mishipa ya damu baada ya kupandikizwa uloto: mwongozo kamili wa kumfuatilia mgonjwa wako nyumbani

Mdogo wangu alipandikizwa uloto, ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, huko India, chembe nilitoa mimi dada yake, na tangu turudi Mwanza napigiwa simu sana na watu wenye mgonjwa kama wetu, wengine wako Geita, wengine Musoma, na swali la kwanza karibu wote ni moja, tumkinge vipi na maambukizi. Ni swali la maana, barakoa, kunawa mikono, kupika chakula kikaiva, hayo yote ni lazima. Ila kuna kitu hawaulizi kabisa na ndo nusura kiniondolee mdogo wangu mara mbili: mishipa ya damu. Sisemi ile inayoonekana mkononi tu, nasema mpaka ile midogomidogo ya ndani ya ini, figo na ubongo. Na mishipa ikianza kuumia mara nyingi namba zinabadilika kabla mtu hajasikia maumivu, yaani kilo, presha, mkojo na plateleti (chembe zinazogandisha damu), na hizo tatu za kwanza unaweza kuzipima mwenyewe nyumbani kwako Igoma au Kirumba bila kusomea unesi.

Mi si daktari, ni mlezi. Dozi za dawa sitazitaja, hizo ni za dokta wako.

Kinachoumia ni nini

Ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba sana, seli zimepangwa safu moja tu, ndo unaofanya damu iteleze vizuri isigande. Kemo kali wanayopewa kabla ya kupandikizwa inauchoma, hasa ikiwa na dawa kama busulfani, mionzi ya mwili mzima inauchoma, siklosporini na takrolimasi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, zinauchubua, maambukizi nayo yanauchubua, alafu chembe za mchangiaji zikianza kuushambulia mwili mpya, ile GVHD, utando huo nao unapata kipigo chake. Ndo maana mtu aliyewekewa chembe za mtu mwingine anasumbuliwa na mambo haya zaidi ya yule aliyerudishiwa za kwake mwenyewe. Utando ukishachubuka damu inaanza kuganda pasipotakiwa, maji yanavuja nje ya mshipa, presha inapanda. Mzizi ni mmoja, ila unatokea sehemu tofauti kwa nyakati tofauti, na ukizijua nyakati unajua leo uangalie wapi.

Hatua ya kwanza: kabla hajaondoka nyumbani

Siku hizi sio lazima iwe India, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kupandikiza watoto wenye sikoseli mwaka 2023, lakini popote mnapokwenda msifike na ini msilolijua. Ini lililokwisha kuumia kabla ndo linaloziba mishipa kirahisi baada ya kemo. Sisi watu wa kando ya ziwa tuna kichocho cha tumbo, tumeoga ziwani, tumefua ziwani, tumevua, na kichocho cha miaka mingi kinaacha makovu ndani ya ini hata kama mtu anajiona mzima. Mwambieni dokta waziwazi kwamba mgonjwa amekulia Ukerewe au Kome au wapi, apimwe kichocho, apimwe homa ya ini B na C, afanyiwe ultrasaundi. Na kama ameongezewa damu mara nyingi, kama wale wa sikoseli au wa uloto uliokauka, ulizeni kipimo cha madini ya chuma, kwa sababu chuma kinachobaki kutoka kwenye chupa zote hizo za damu kinajikusanya kwenye ini. Sisi hatukuulizwa, na wala hatukujua kwamba ni kitu cha kusema.

Hatua ya pili: daftari

Hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa kazi yote. Nunua daftari la kurasa nyingi lenye jalada gumu, sio karatasi za kuokoteza. Ukurasa wa kwanza andika: jina la ugonjwa, tarehe ya kupandikizwa (hiyo ndo siku sifuri, siku zote mnahesabu kutoka hapo), nani alimchangia, kundi la damu la zamani na kundi la mchangiaji, dawa zote anazokunywa, na namba za hatari ambazo dokta wenu amezitaja kwa mdomo wake. Yetu alituandikia presha ikifika 140/90 tupige simu, ikifika 160/100 na kichwa kinauma tusipige simu, tutoke. Mtoto ana namba zake ndogo zaidi, msitumie zetu.

Kilo. Mpime asubuhi akitoka kukojoa, hajala, hajanywa chai, nguo nyepesi zilezile, mzani uleule umekaa kwenye sakafu ya saruji na sio juu ya zulia. Mnachotafuta ni kilo zinazoongezeka ghafla, maana mtu asiyekula vizuri hanenepi kwa siku tatu, kilichoongezeka hapo ni maji. Asilimia 5 ndo mstari wenyewe, yaani mtu wa kilo 60 akifika 63 ndani ya siku chache hilo ni jambo la kupeleka hospitali siku hiyohiyo, na ikiongezeka kilo moja na nusu tayari mjulishe dokta.

Tumbo. Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini, zungusha usawa wa kitovu amelala chali, asivute pumzi ndani. Mi nilimwekea alama mbili za kalamu pembeni ya kitovu ili futi ipite palepale kila siku, maana ukishusha sentimita mbili tu unapata namba nyingine kabisa na unaanza kulia bure.

Presha. Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko, ya kwenye kifundo cha mkono inadanganya mara nyingi. Akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, asiwe amekunywa chai au kahawa nusu saa iliyopita, na msiongee. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote mbili. Asubuhi na jioni, kabla ya dawa za presha. Na kama bado ana katheta, ule mpira wa kupitishia dawa kwenye mshipa, kifuani au mkononi, tumia mkono wa upande mwingine.

Mkojo. Siku moja moja akojoe kwenye kopo safi, angalia mapovu, mapovu yale mazito yanayokaa kama ya sabuni bila kuisha yanaashiria protini inapita kwenye figo. Vile vijiti vya kupimia mkojo vinapatikana famasi kubwa za mjini, tulikuwa tunapima mara moja kwa wiki hadi siku ya 100 ilipopita. Rangi ya kokakola nayo iandike.

Miguu. Kila jioni bonyeza kwa kidole gumba kwenye ugoko, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki, maji yapo. Mara ya kwanza kuliona kwenye mguu wa mdogo wangu lilikuwa limezama kama mtu aliyebonyeza unga wa ngano uliokandwa, na yeye alikuwa anacheka anasema haumi kabisa dada, na kweli lilikuwa haliumi.

Siku ya 1 mpaka kama 21: ini

Kipindi hiki mara nyingi bado mmelazwa, ila msiwaachie manesi kila kitu. Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita VOD, siku hizi wengine wanasema SOS, maana yake mishipa midogo ya ndani ya ini imevimba na kuziba, damu inashindwa kupita, inarudi nyuma. Dalili zake: kilo zinapanda, maumivu chini ya mbavu za kulia, tumbo linajaa, macho yanaingia njano. Kwenye majibu ya damu tazama bilirubini, ile rangi ya njano inayosafishwa na ini, ikifika 2 kwa kipimo cha miligramu, ambayo ni kama 34 kwa maabara zinazotumia kipimo kingine, ulizeni. Na kuna dalili nyingine ya mapema watu wengi hawaijui: anaongezewa plateleti lakini kesho yake zimerudi chini vilevile, kama hakupewa kitu.

Mdogo wangu aliingia na kilo 58, siku ya 12 akawa 61.3. Nesi wa zamu aliandika akaondoka, mi nikaenda kugonga mlango wa daktari na daftari mkononi. Wakapunguza maji ya dripu, wakampa dawa ya kukojoa, wakafuatilia ultrasaundi ya ini kila siku, na kwake ilikuwa bado changa ikatulia. Ikiwa kali dawa yake ni defibrotaidi, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2013 na Marekani mwaka 2016, inapitishwa kwenye dripu mara nne kwa siku kwa siku zisizopungua 21, na ni ghali mno, kwa hiyo kwenye kupanga bajeti ya safari ulizeni mapema kama hospitali mnayokwenda wanayo na nani atailipa. Vidonge vya aside ya ursodioksikoliki hospitali nyingi zinaanza kuvitoa mapema kama kinga, akiandikiwa asiruke hata kimoja.

VOD inaweza kuchelewa ikapita siku 21. Ndo maana nasema hivi kwa watu wa huku kwetu: mgonjwa aliyepandikizwa akivimba tumbo mkiwa mmesharudi nyumbani, majirani watasema kichocho, shangazi atasema kuna mtu, we usikae kusikiliza, mpeleke.

Mpaka siku ya 100 na kidogo mbele: damu inayokatikakatika

Hii inaitwa TMA. Vibonge vidogo vya damu iliyoganda vinajishika ndani ya mishipa midogo, hasa ya figo, seli nyekundu zikijilazimisha kupita zinachanika, kama sato anayepenya kwenye wavu wa matundu madogo anavyotoka amekwanguka magamba. Kwa hiyo himoglobini inashuka, plateleti zinashuka kwa sababu zimetumika kwenye hivyo vibonge, figo zinachoka.

Ugumu wake ni kwamba kila kitu kina kisingizio. Presha imepanda, wanasema ni siklosporini. Plateleti zimeshuka, wanasema uloto bado mchanga. Krietinini, kipimo cha figo, imepanda, wanasema hanywi maji. Kila moja peke yake inaweza kuwa kweli, ila zikija pamoja usikubali kupewa maelezo ya moja moja. Tulikaa hosteli moja na mama mmoja, mwanae alifikishwa kwenye dawa tatu za presha kwa wiki mbili ndo mtu akakumbuka kupima protini kwenye mkojo. Presha mpya isiyoshikika pamoja na protini kwenye mkojo, hizo mbili tu zikikutana mwombe dokta apime LDH, kipimo cha damu kinachopanda seli zikivunjika, na damu iangaliwe kwa macho kwenye darubini kama kuna vipande vya seli zilizochanika, maana mashine peke yake inaweza isiseme. Matibabu ni yao, wanaweza kubadilisha siklosporini, kutibu maambukizi au GVHD iliyojificha nyuma yake, na kuna dawa kama ekulizumabu inayozuia sehemu ya kinga ya mwili inayochochea moto huo. We usiache siklosporini kwa uamuzi wako hata siku moja, GVHD itakuja juu.

Presha na ubongo: kilichotupata nyumbani

Mwezi wa sita tangu apandikizwe, tupo Mwanza, anaendelea vizuri, anatembea mpaka Buzuruga na kurudi. Akapata kikohozi, mi niko kazini, akaenda mwenyewe duka moja la dawa akapewa erithromaisini. Muuzaji hakumuuliza anatumia dawa gani na yeye hakusema. Sasa erithromaisini inalizuia ini lisiivunje siklosporini, kwa hiyo siklosporini inajaa kwenye damu kama maji kwenye ndoo isiyo na tundu. Siku ya nne asubuhi kichwa kinamuuma, presha 168/108, nikapima tena 171/110. Nikawa navaa viatu ili tutoke, akaniambia, "Dada, mbona taa ina ukungu?" Taa haikuwa na kitu. Ilikuwa macho yake, au tuseme ubongo wake upande wa nyuma unaoona, umeanza kuvimba kwa sababu ya presha na dawa.

Madaktari wanaita PRES. Dalili ni hizo, kichwa, macho kutoona vizuri, kuchanganyikiwa, alafu kifafa. Tulifika kabla ya kifafa. Presha ilishushwa taratibu, erithromaisini ikakatwa, siklosporini ikasimamishwa na dokta mpaka kiwango kiliposhuka, magnesiamu ikapimwa ikakutwa chini wakamwekea, na ndani ya siku tano macho yalirudi yote. Ikiwahiwa huwa inarudi. Watoto wa sikoseli wako hatarini zaidi kwenye hili, kwa hiyo presha yao na plateleti zao huwa zinasimamiwa kwa ukaribu sana.

Kutoka hapo tukaweka sheria za dawa nyumbani, nazo zimebandikwa kwenye friji. Hakuna kidonge kinachoingia mdomoni bila kumpigia dokta, hata cha mafua. Erithromaisini na klarithromaisini, hapana. Dawa za fangasi kama flukonazo na vorikonazo zinapandisha siklosporini na takrolimasi, zikiandikwa na dokta wake atapunguza nyingine, zikitoka dukani ni hatari. Balungi haliliwi wala juisi yake. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa zinafanya kinyume, zinaishusha siklosporini mpaka haifanyi kazi. Diklofenaki na ibuprofeni, hapana, zinaumiza figo na zinaharibu kazi ya plateleti, na sindano ya tako plateleti zikiwa chini inaweza kuacha bonge la damu ndani ya msuli. Dawa za mizizi, hata za bibi, hapana, nampenda bibi ila hapana. Malaria ipimwe kwanza na dawa yake achague anayejua ana siklosporini.

Na kipimo cha kiwango cha siklosporini kinachukuliwa KABLA ya dozi ya asubuhi. Kama anakunywa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, basi siku ya kipimo anakwenda na kidonge mfukoni, damu inatoka kwanza, ndo anameza. Hospitali moja walimchukua damu saa 4 akiwa ameshameza, kiwango kikaonekana juu, dozi ikapunguzwa bila sababu, wiki mbili baadae ngozi ikaanza upele wa GVHD.

Damu kuganda kwenye mshipa mkubwa

Watu wanadhani plateleti zikiwa chini damu haiwezi kuganda. Inaweza. Angalia mkono au shingo upande wa katheta, ukivimba au mishipa ya kifuani ikijitokeza nenda. Mguu mmoja ukivimba kigimbi, una joto, unauma, nenda, na msiuchue kwa mafuta. Pumzi kukatika ghafla, kifua kuuma akivuta hewa, kukohoa damu, hapo hamna kusubiri daladala. Kwenye ndege au basi la kwenda Dar asimame au achezeshe vifundo vya miguu kila saa, anywe maji, na akipewa dawa ya kuyeyusha damu msichanganye na aspirini mliyojinunulia. Uso kupinda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama, hicho ni kiharusi, angalia saa kilipoanza maana watakuuliza.

Ukifika hospitali, sema hivi

Mkifika Bugando au hospitali yoyote usiku, anayekupokea huenda hajawahi kuona mgonjwa wa hivi, na sio kosa lake, ni wachache. Usianze na historia ndefu. Sema: "Huyu amepandikizwa uloto wa mtu mwingine, leo ni siku ya 140, anakunywa siklosporini, presha jana 120 leo 165, kilo zimepanda mbili." Toa daftari, toa barua ya hospitali iliyompandikiza, toa dawa zenyewe kwenye mfuko. Omba picha kamili ya damu, vipande vya seli, LDH, krietinini, bilirubini, magnesiamu, protini ya mkojo, na kiwango cha dawa. Homa ya 38 nayo usiibebe kama malaria tu, nenda.

Damu ya kuongezewa: kundi lake linaweza kuwa limebadilika kuwa la mchangiaji, mdogo wangu alikuwa O sasa ni A kama mimi, na katikati ya safari hiyo kuna kipindi anahitaji kundi maalum, kwa hiyo onyesheni karatasi na wapige simu kwa waliompandikiza. Pia mweleze kwamba damu ya watu hawa inatakiwa ipigwe mionzi kwanza.

Walio visiwani nawashauri siku 100 za kwanza mkae mjini kwa ndugu, kivuko hakikusubiri wewe uumwe. Wa Sengerema na Geita afadhali, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 usiku hamlali tena ng'ambo mkisubiri pantoni.

Mwaka wa kwanza kwenda mbele

Hapa ndo watu wanalala. Plateleti nzuri, nywele zimeota, kliniki inakuwa kila miezi. Ila mishipa mikubwa iliyochomwa na mionzi na steroidi inazeeka mapema, waliopandikizwa wanapata presha, sukari, mafuta kwenye damu, na hata ugonjwa wa moyo wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao. Presha kila kliniki, sukari na mafuta ya damu angalau mara moja kwa mwaka, mara nyingi zaidi akiwa bado kwenye steroidi au ana GVHD ya muda mrefu. Sigara hapana, hata ya jirani ndani ya nyumba. Kutembea kila siku, jua lisiwe kali, kofia, mikono mirefu. Ziwani asiingie hata magoti.

Chumvi ndo vita yetu kubwa huku. Bibi yetu Ukerewe alikuwa anatuma kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kila boti, kwa upendo kabisa, na sisi tukaona tukiiloweka usiku kucha inatosha, lakini wiki ya kayabo ukiiangalia kwenye daftari presha ya jioni iko juu na ugoko unaacha shimo. Nilimpelekea bibi daftari lenyewe, nikamfungulia kurasa mbili, ya kayabo na ya sato mbichi, akazitazama kimya muda mrefu. Saivi anatuma sato kwenye barafu, tunampika mchuzi wa nyanya, ndimu na tangawizi, chumvi inawekwa mezani kwa wengine baada ya yeye kupakuliwa.